"Ni uzee tu": neno linalowachelewesha wagonjwa wa saratani, Manyatta na kwetu Pwani

Ukitaja Embu kwenye baraza yoyote ya Mombasa, mazungumzo hugeuka muguka. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa, Pwani na Embu zilisemwa kama nyumba mbili zenye ugomvi wa mpaka. Leo sizungumzii muguka. Nazungumzia maneno ambayo watu wa huko na watu wa kwetu huyatamka sawasawa, nayo yanatumaliza sote: "Ni uzee tu."

Dada yangu ameolewa Manyatta, kwa hivyo huko ni kwa shemeji na huenda kila nipatapo nafasi. Kwa asiyepajua, Manyatta ni eneo bunge la Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mji wa Embu wenyewe umo ndani yake. Juu ni mashamba ya chai, chini yake kahawa, na ukizidi kushuka unaingia Mbeere kwenye joto. Baridi ya asubuhi huko inaingia mifupani, na chai hunywewa ikiwa bado inachemka.

Jirani wa shemeji, mzee wa miaka sabini na kitu, alianza kukataa chapati. Ilikuwa inamkwama. Baadaye wali nao ukakwama, akawa mtu wa uji tu. Nyumbani walisema ni uzee, meno yamekwisha, tumbo limechoka. Miezi saba ilipita kabla hajafikishwa hospitali, na huko wakaambiwa ni saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni, na kwamba imeshasambaa. Wanawe wameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya diploma, na haya yafuatayo nimeyakusanya kutoka kwa tafiti zinazojulikana na maelezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Nimeyapanga ili msomaji ayahifadhi na kumsomea mzazi wake. Makadirio ya kituo cha utafiti wa saratani cha WHO kwa mwaka 2022 yanaonyesha kuwa Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na sehemu kubwa ya kuchelewa huko huanzia nyumbani, kwenye maneno hayo matatu.

Kwa nini saratani huwafuata wenye umri

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Seli huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine huchukua nafasi. Kila seli inapojigawa hunakili maandishi yake ya urithi, yaani DNA, mwanzo hadi mwisho. Mwandishi yeyote anajua kuwa kunakili kitabu kizima hakukosi makosa. Mengi hurekebishwa papo hapo, machache hubaki.

Kosa moja kwa kawaida halileti saratani. Huhitajika makosa kadhaa yakutane ndani ya seli moja, mpaka ikasahau kufa na kuanza kujigawa bila amri. Kukutana huko huchukua miaka. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Uingereza, Peter Armitage na Richard Doll, walizipiga hesabu takwimu za vifo na kuonyesha kuwa saratani nyingi hupanda kwa kasi kadiri umri unavyopanda, kama jambo linalohitaji hatua kadhaa zifuatane.

Kwa hivyo ni kweli kwamba umri huiongezea saratani nafasi. Lakini tuangalie vizuri uzee wenyewe hufanya nini. Hupunguza kasi ya miguu, hufifisha macho, hufupisha usingizi. Hauzibi njia ya chakula. Haumtoi damu mwanamke aliyekoma hedhi miaka kumi iliyopita. Hautii damu kwenye mkojo, wala haumkondeshi mtu nusu ya uzani wake kwa miezi minne. Dalili za namna hiyo zina jina lingine, na jina hilo hutafutwa hospitali.

Askari wa mwili nao huchoka

Mwili hauachi seli zilizoharibika zifanye zitakavyo. Una kinga, na kinga ina askari wa aina nyingi. Wako waitwao seli T, wanaozikagua seli nyingine moja baada ya nyingine na kuua iliyogeuka. Tunaishi siku nyingi bila kujua kuwa kuna seli mbaya ilizaliwa asubuhi na kuzikwa jioni.

Seli T hufunzwa katika tezi iitwayo thaimasi, iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hii huwa kubwa utotoni, kisha huanza kunywea, na nafasi yake hujaa mafuta. Mtu akifika uzeeni, chuo hicho karibu kimefungwa. Askari wakongwe wapo, wanaokumbuka maradhi waliyopigana nayo zamani, lakini makurutu wapya ni wachache. Ndiyo sababu homa ya mapafu humzidi nguvu babu kuliko mjukuu, na ndiyo sababu chanjo nyingi humwitikia mzee kwa udhaifu.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1961 mtafiti Mmarekani Leonard Hayflick alionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Kusimama huko ni hekima, kwa kuwa seli iliyosimama haiwezi kuwa uvimbe. Lakini seli hizo zilizochoka hazifi zote. Hujikusanya mwilini miaka ikienda, zikitoa kemikali zinazowasha na kuvimbisha zilizo jirani, na mwasho wa kudumu huipa saratani mahali pazuri pa kuota. Kilichomlinda kijana humsumbua mzee.

Tunajuaje kuwa kinga ina kazi kubwa hivi? Tunajua kwa kuwatazama watu ambao kinga yao imeshushwa. Waliopandikizwa figo, ambao hunywa dawa za kutuliza kinga ili mwili usiikatae figo, hupata saratani fulani zaidi ya wengine. Wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi, kwa maelezo ya WHO, wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Hao wengi wao si wazee. Kinga ikilegea, saratani haingoji mvi.

Funzo lililotoka kwetu Afrika Mashariki

Ushahidi mmoja mkubwa wa jambo hili ulipatikana hapa hapa, na unahusu tofauti kati ya mlimani na pwani.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto waliokuwa wakivimba mataya kwa uvimbe uliokua haraka ajabu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia garini wakasafiri maili 10,000 hivi, wakizunguka kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali: je, mmeuona uvimbe huu?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalifuata urefu wa ardhi. Nyanda za chini zenye joto na mvua, kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria, zilikuwa na ugonjwa. Nyanda za juu zenye baridi, kama miteremko ya Mlima Kenya, hazikuwa nao ila kwa nadra. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, waliona kwa darubini ya elektroni virusi ndani ya seli za uvimbe zilizotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza vya saratani ya binadamu vilivyojulikana.

Hata hivyo, virusi hivyo vya Epstein-Barr karibu kila mtu duniani anavyo. Mtoto wa Manyatta anavyo kama wa Kilifi. Kilichowatofautisha ni malaria. Mtoto anayeumwa malaria kali mara kwa mara, kinga yake huchoshwa na kuvurugwa, na virusi vilivyokuwa vimefungwa vikapata mlango. Mtoto wa mlimani, ambako mbu wa malaria ni wachache, hakupata pigo hilo.

Basi kumbuka hesabu hii, maana saratani nyingi za kwetu zinaifuata: mchochezi, pamoja na kinga iliyolegea, pamoja na muda. WHO inasema kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, karibu saratani 30 kati ya 100 zina mkono wa maambukizi. Umri unatupa muda na kutulegeza kinga. Mchochezi mara nyingi tunaweza kumzuia, na muda tunaweza kuutumia kabla haujatutumia.

Mlango wa kizazi: nyanya na mjukuu

Hakuna mahali hesabu hiyo inaonekana wazi kama kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mchochezi ni virusi vya HPV, ambavyo wengi huvipata katika maisha ya ndoa bila kujua, na kinga ya wengi huviondoa. Vikibaki, WHO inaeleza kuwa kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama asiyetibiwa virusi vya ukimwi, ni miaka 5 hadi 10.

Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019. Uvumi ulitapakaa, Pwani na bara, kwamba chanjo ni njama ya kuzuia uzazi. Nataka wazazi wajue utafiti mmoja uliofanywa kwa mabinti wa Kenya wenyewe. Uliitwa KEN SHE, ukashirikisha wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Kisumu na Thika, ule mji tunaoupita tukienda Embu. Profesa Nelly Mugo wa taasisi ya KEMRI alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kuwa dozi moja tu ilizuia kwa asilimia 97.5 maambukizi ya kudumu ya aina mbili za HPV zilizo hatari zaidi, katika miezi 18 ya kufuatiliwa. Mwaka huo huo WHO ilikubali ratiba ya dozi moja. Elimu hiyo, inayotumika sasa katika nchi nyingi, imetoka katika miili ya mabinti zetu.

Chanjo hiyo humfaa mjukuu, kwa sababu kinga yake ni changa na virusi havijaingia. Nyanya yake haitamsaidia. Yeye anahitaji kupimwa. Mpango wa Kenya unalenga wanawake wa miaka 25 hadi 49, na hapo ndipo akina mama wengi husema, "Mimi nimeshapita, nimeacha kuzaa." Sivyo. WHO inashauri kuwa mwanamke akishavuka 50 anaweza kuacha kupimwa baada ya kupata majibu mawili mfululizo yaliyo safi. Ambaye hajapimwa hata mara moja hajaachiliwa na mtu.

Kwa akina mama wanaoona haya, nao ni wengi Manyatta kama walivyo Kisauni, kipimo cha HPV kina sitara yake. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, akaikabidhi kwa muuguzi. Waulizeni wahudumu kama kipo.

Ini: nafaka yenye ukungu na homa ya ini B

Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Ile kidogo kidogo, inayoliwa miaka na miaka, haiui kwa kishindo. Huharibu maandishi ya seli za ini. Mtu huyo akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani ya ini huzidishwa.

Watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya homa ya ini B tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata, kwa hivyo na aombe kipimo cha damu. Mahindi nayo yakaushwe vizuri, yawekwe juu ya mbao pasipo unyevu, na yenye ukungu yasilishwe mtu wala mnyama. Kuosha na kupika hakuondoi sumu hiyo.

Umio na kikombe cha chai

Narudi kwa kile chapati ilichokwama. Saratani ya umio imekithiri katika ukanda mrefu unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi kusini mwa Afrika. Sigara na pombe ni wachochezi wanaojulikana. Mwaka 2016 kituo cha utafiti wa saratani cha WHO kilitangaza kuwa kinywaji chochote cha moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda kinasababisha saratani ya umio. Tatizo si majani ya chai, ni moto. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya nao ulikuta hatari kubwa zaidi kwa wanaokunywa vya moto mno.

Mwelekeo ni ule ule: ngozi laini ya umio huungua, hujitengeneza upya, huungua tena, na kila kujitengeneza ni kunakili tena kitabu. Dawa yake haina gharama. Mimina chai, zungumza na mgeni dakika tano, ndipo unywe. Nasi wa kahawa chungu tusijione tumesalimika.

Kuhusu "dawa za kuongeza kinga"

Soko la Embu na soko la Kongowea yote yana muuzaji wa chupa inayosemwa kuongeza kinga na kutibu saratani. Mimi mwenyewe hutumia habbasoda na asali, na nitaendelea. Lakini sijaona utafiti wa kuaminika unaoonyesha kuwa chupa yoyote ya sokoni imeponya saratani ya mtu.

Kuiamsha kinga ipigane na saratani kunawezekana, na ni sayansi kweli. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kuwa seli T zina breki, na kwamba saratani huzikanyaga breki hizo ili isiguswe. Dawa zinazoachia breki zimewapa baadhi ya wagonjwa miaka ambayo hawakuitarajia. Haziwafai wote, zina madhara yake kwani kinga iliyoachiwa yaweza kuushambulia mwili wenyewe, na bei yake iko mbali na mfuko wa mkulima wa kahawa au mvuvi. Kwa hivyo kwa wengi wetu ngao iliyo karibu ni chanjo, kipimo, na kuwahi.

Nani afanye nini

Msichana wa miaka 10 hadi 14: apate chanjo ya HPV katika kituo cha afya.

Mtoto mchanga: amalize chanjo zote za kliniki, ya homa ya ini B ikiwemo. Huku Pwani alale ndani ya neti.

Mwanamke wa miaka 25 na kuendelea: apimwe mlango wa kizazi. Ajikague matiti, na akihisi donge asingoje liume, maana donge la saratani mara nyingi haliumi.

Anayeishi na virusi vya ukimwi: anywe dawa bila kukatiza na apimwe mapema na mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Mwanamume wa miaka 50 na zaidi: akianza kukojoa kwa shida, kuamka mara nyingi usiku au kuona damu, amwone daktari kuhusu tezi dume. Mara nyingi si saratani, lakini anayejua ni daktari.

Mzee yeyote: chakula kinachokwama, damu isiyo na sababu, kidonda kisichopona, kukonda kusikoeleweka, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu. Mojawapo linatosha. Apelekwe wiki hiyo hiyo, kwa Embu ikiwa ni Hospitali ya Level 5, kwa Mombasa ikiwa ni Hospitali Kuu ya Pwani, na mwombe daktari aandike barua ya rufaa ikiwa hapo hapatoshi.

Tuliomo katika Uislamu tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja tu, nalo ni uzee. Watu huyachukua mafundisho haya na kukata tamaa juu ya mzee. Mimi nayasoma kinyume. Uzee umetolewa peke yake, umewekwa kando. Yaliyobaki yote yana dawa ya kutafutwa, na saratani ni miongoni mwa hayo yaliyobaki. Anayemwambia mamake mwenye damu "ni uzee tu" amechukua ugonjwa wenye dawa akauweka mahali pa kitu kisicho na dawa.

Mzee wa Manyatta sasa anapewa huduma ya kumpunguzia maumivu na kumsaidia kumeza. Wanawe wawili, mmoja ana miaka 44 na mwingine 51, wamekwenda kupimwa. Na nyumbani kwao chai sasa inapoa kwanza.